Kila mtu aingie na jina lake: kuweka akonti za watu ku serva ya Samba mu biro

Mu biro nyingi za hapa Lubumbashi, kuanzia ajansi za duane zenye zinashughulika na Kasumbalesa mpaka kwa wauza vipuri, mafishie ya kazi yanakaa ku mashini ya mtu mmoja, mara nyingi ya kontabu, dosie imefunguliwa kwa "Tout le monde" na kila mtu anaingia, anachukua, anaweka, anafuta. Inatembea vizuri mpaka siku fishie ya Excel ya mwezi mzima inapotea na hakuna mwenye anaweza kusema nani aliifuta, ju rezo haikumjua mtu yeyote, iliwaona wote sawa. Na hesabu si kitu cha kuchezea, Congo iko mu OHADA (muungano wa nchi za Afrika zenye ziko na sheria moja ya biashara) tangu 2012 na sheria yake inataka vitabu vya hesabu vya biashara vihifadhiwe miaka 10.

Hapa naonyesha namna ya kuweka serva ndogo ya Samba, programu yenye inafanya mashini ya Linux igawie Windows za rezo madosie yake, juu ya Ubuntu Server 24.04 (ni Linux), kila mfanyakazi na jina lake na neno lake la siri, kila dosie na watu wake. Mashini ya zamani yenye RAM ya giga 4 inatosha kwa biro ya watu kumi na zaidi kidogo. Na kitu kizuri, mukiisha kuinstala, intaneti ikatike ama ibaki serva inaendelea kutumika, ju kazi yote inapita mu rezo ya ndani. Kitu kimoja tu msikubali toka mwanzo: jina moja la "biro" lenye kila mtu analijua neno lake la siri. Mukifanya vile mumerudi kwa "Tout le monde" na kazi yote iliyobaki hapa chini haina maana.

Mbele ya kuinstala

Ipe serva adrese yenye haibadilike. Njia rahisi ni kuingia ku ruta na kuifungia adrese, mu mfano wetu 192.168.1.10. Jina la mashini tuseme ni serva. Kisha rekebisha saa:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi

Hii inafaa hata kwa wa Goma na Bukavu, ju wote tuko saa moja mbele ya Kinshasa. Usipoiweka, siku utafungua jurnali kutafuta nani aliingia saa ngapi utasoma masaa yenye hayafanane na ya ukuta, na utamshitaki mtu bure.

Sasa klavie, na hapa naomba usome polepole ju ndio inasumbua watu wengi hapa kwetu na karibu maelezo yote ya ku intaneti hayaizungumzie, yaliandikwa na watu wenye hawatumie AZERTY. Ukiinstala Ubuntu haraka haraka bila kuchagua klavie, inabaki QWERTY ya Marekani. Lakini klavie yenye iko mbele yako ni AZERTY. Sasa unaandika neno la siri, haionekane, na ukiandika "mazao" serva imepokea ";qwqo". Ukiweka namba, unafinya Shift sawa kawaida ya AZERTY, serva inapokea alama za ajabu pahali pa namba. Unaandika mara mbili, zinafanana, serva inakubali, kila kitu kinaonekana sawa. Kisha mtu anaenda ku Windows yake yenye iko na klavie ya kweli, anaandika neno lake vizuri kabisa, anakataliwa. Watu wanapoteza siku nzima mu mafishie ya konfigirasyo na kosa haliko mule.

Kwa hiyo:

sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration

Chagua French, kisha anzisha mashini upya, na ujaribu kuandika neno lolote pahali linaonekana, weka a, z, m, na namba. Ama ufanye kazi yote kwa SSH (kuingia mu serva kupitia rezo na kuandika amri) toka ku laptop yako, pale inatumika klavie ya laptop na matatizo haya hayako.

Kuinstala

sudo apt update
sudo apt install samba samba-vfs-modules smbclient
systemctl status smbd

Ukiona "active (running)" endelea.

Kwa nini mtu mmoja anaandikwa mara mbili

Hii ndio inachanganya wapya: umeisha kumuumba mtu mu Linux, umempa neno la siri, lakini Samba inamkataa. Sababu ni kwamba Linux inahifadhi neno la siri mu /etc/shadow likiwa limesagwa kwa namna yake, haliwezi kurudishwa nyuma. Windows yenyewe haitumi neno la siri mu rezo, inaombwa swali na serva, inajibu kwa hesabu yenye imetokana na neno lile, lakini likiwa limesagwa kwa namna ingine ya Microsoft, inaitwa NT hash. Unga wa Linux hauwezi kutumika kwa jibu lile. Njo maana Samba iko na daftari lake yenyewe, fishie inaitwa passdb.tdb, inakaa mu /var/lib/samba/private/.

Basi mtu lazima awe mu Linux, ju mafishie ku diski yanatakiwa kuwa na mwenyewe, na awe mu daftari la Samba, ju ni pale neno lake la siri linaangaliwa. Akiwa mu Linux tu hataingia. Na Samba haitakubali kumwandika mtu mwenye Linux haimjui.

Kuumba vikundi na watu

Anza na vikundi, sio watu. Kaa na bosi, muulize nani anatakiwa kuona nini, andika ku karatasi. Mu ajansi ya duane mfano inaweza kuwa hesabu, duane, na stajeri kwa wale wa stage. Kazi hii ya karatasi usiiruke hata kama bosi anasema "weka tu", ju ni yeye atakuja kukuuliza kwa nini stajeri aliona mishahara.

sudo groupadd hesabu
sudo groupadd duane
sudo groupadd stajeri

Kisha watu. Majina herufi ndogo, bila aksenti, bila nafasi. Tuseme kasongo ni wa hesabu:

sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin -G hesabu kasongo
sudo smbpasswd -a kasongo

Ile -M inasema asiumbiwe dosie ya nyumbani, na nologin inasema hawezi kukaa mbele ya serva ama kuingia kwa SSH, yeye anakuja kwa mafishie tu. Neno la Linux hatumpe kabisa, hana kazi nalo. Amri ya pili ndio inauliza neno la siri la Samba. Mwite kasongo mwenyewe aje aandike kwa mikono yake, wewe geuza uso. Inachukua dakika moja kwa kila mtu, na inamaliza kabisa ile tabia ya fundi kuwa na karatasi yenye maneno ya siri ya biro nzima, ju karatasi ile siku ingine ikipotea wewe ndiye wa kwanza kushukiwa.

Neno liwe refu kuliko kuwa na alama nyingi. Maneno matatu ama mane ya kawaida yenye hayana uhusiano, yakifuatana, mtu anayakumbuka na ni magumu kukisia. Tarehe ya kuzaliwa na namba ya telefone hapana, wenzake wote wanazijua.

Ukitaka kumwongeza mtu mu kikundi kingine baadaye:

sudo usermod -aG duane kasongo

Usisahau ile "a". Ukiandika -G peke yake, inamtoa mu vikundi vingine vyote na kumwacha mu hiki kimoja.

Kuangalia nani ameandikwa mu Samba: sudo pdbedit -L

Madosie ku diski

sudo mkdir -p /srv/hesabu /srv/duane
sudo chown root:hesabu /srv/hesabu
sudo chown root:duane /srv/duane
sudo chmod 2770 /srv/hesabu /srv/duane

Ile 2 ya mbele ni ya maana, inafanya kila fishie mpya yenye inaumbwa mule ndani iwe ya kikundi, sio ya mtu peke yake. Bila ile, kasongo anaandika faktura na mwenzake wa hesabu anashindwa kuibadilisha. Na 0 ya mwisho, watu wa nje hawaoni kitu.

Tofautisha mambo mawili haya mu kichwa: neno la siri linajibu "wewe ni nani", lakini ruhusa za dosie zinajibu "unaweza kugusa nini". Mtu anaweza kupita la kwanza na kukwama la pili, na ujumbe wa kosa haufanane, tutaona pansi.

Fishie ya konfigirasyo

Weka kopi kwanza, kisha fungua:

sudo cp /etc/samba/smb.conf /etc/samba/smb.conf.zamani
sudo nano /etc/samba/smb.conf

Mu sehemu ya [global] hakikisha mistari hii iko, kama mustari uko tayari badilisha, usiandike mara mbili:

workgroup = WORKGROUP
server role = standalone server
map to guest = never
hosts allow = 127. 192.168.1.
log level = 1 auth_audit:3

Ule wa map to guest Ubuntu inauacha "bad user", maana yake mtu akikosea jina, Samba inampokea kama mgeni bila kumwambia. Anafika ndani, anaona majina ya madosie, anabofya, anakataliwa, na anakuja kukuambia ruhusa zake ni mbaya wakati aliandika kasogo badala ya kasongo. Ukiweka never anakataliwa pale pale mlangoni, na wote munajua tatizo liko wapi. Tena Windows 11 mpya, toka toleo 24H2, inakataa yenyewe kuingia kama mgeni, kwa hiyo ugeni haukusaidie tena hata ungeutaka.

Hosts allow inafungia wa rezo yenu tu. Auth_audit:3 inaandika mu jurnali kila mwenye aliingia na kila mwenye alishindwa.

Kisha mwisho wa fishie:

[hesabu]
path = /srv/hesabu
valid users = @hesabu
read only = no
create mask = 0660
force directory mode = 2770
server smb encrypt = required
vfs objects = full_audit
full_audit:prefix = %u|%I|%S
full_audit:success = unlinkat renameat
full_audit:failure = none

[duane]
path = /srv/duane
valid users = @duane
read list = @stajeri
read only = no
create mask = 0660
force directory mode = 2770

Alama ya @ maana yake kikundi. Stajeri unamweka mu vikundi viwili, duane na stajeri, hapo anaingia anasoma lakini habadilishe kitu. Mistari ya full_audit ndio ile ya kujua nani alifuta ama alibadilisha jina la fishie, inaandika jina la mtu na adrese ya mashini yake mu jurnali ya sistemu. Hapa ndio utaona faida ya kila mtu kuwa na jina lake. Unasoma kwa:

sudo journalctl | grep smbd_audit

Kuhusu server smb encrypt: inaficha mafishie yakiwa njiani mu rezo, nzuri sana kwa mishahara kama wifi yenu kode yake imeisha kufika kwa wageni na wateja. Inataka SMB3 (SMB ni lugha yenye Windows na Samba zinatumia kupeana mafishie), maana yake Windows 8 na kupanda. Kama kontabu bado iko ku Windows 7 hataingia mu dosie hii, na kwa maoni yangu ni mashini ile ya kubadilisha, sio mustari ule wa kutoa.

Ju ya mambo ya zamani, Samba toka toleo 4.11 la 2019 imefunga SMB1, na Microsoft nayo imeacha kuiweka mu Windows mpya. Utasikia mtu anakuambia uifungue ju fotokopi ya biro inatuma skani mu dosie na inajua SMB1 tu. Usikubali. Virusi WannaCry ya Mei 2017 ilipita mu SMB1 na kufunga mashini mu nchi nyingi sana. Fotokopi iskani ku USB.

Kujaribu mbele ya kuwaita watu

testparm
sudo systemctl restart smbd

Testparm inasoma konfigirasyo na kukuambia mustari wenye haueleweke. Kisha jaribu hapo hapo ku serva:

smbclient //localhost/hesabu -U kasongo

Kasongo aweke neno lake. Ukiona "smb: \>" ameingia. Aandike mkdir jaribio kuona kama anaweza kuumba. Kama inakataa, soma jibu vizuri:

NT_STATUS_LOGON_FAILURE maana yake jina ama neno la siri si lenyewe. Rudi ku smbpasswd, na ku klavie.

NT_STATUS_ACCESS_DENIED maana yake anajulikana lakini hana ruhusa. Akikataliwa mlangoni angalia kikundi chake (id kasongo), akikataliwa akitaka kuumba angalia chmod ya dosie.

NT_STATUS_BAD_NETWORK_NAME, jina la dosie umelikosea, ama path haipo.

Jaribu pia mtu mwenye hatakiwi kuingia. Wengi wanajaribu tu wenye wanatakiwa kupita, wanafurahi, na hawajui kama mlango uko wazi kwa wote. Mwite stajeri, ajaribu hesabu, lazima akataliwe.

Ku Windows za watu

Fungua explorateur, andika \\192.168.1.10\hesabu. Pahali pa jina mwambie aandike serva\kasongo, sio kasongo tu, ju mara nyingine Windows inaongeza mbele jina la mashini yake yenyewe, ama inatuma imeli ya akonti ya Microsoft. Na PIN yake ya kufungua laptop haina uhusiano na hapa, wengi wanaiandika pale, waeleze mapema.

Kosa lenye litakuja tu ni 1219. Windows haikubali mtu mmoja afungue serva moja na majina mawili wakati mmoja. Tuseme asubuhi alifungua duane na jina la mwenzake, sasa anataka hesabu na lake, inakataa na ujumbe mrefu wenye hausaidie mtu. Fungua cmd:

net use * /delete

Kisha ingia mu Panneau de configuration, Gestionnaire d'identification, futa kila kitu chenye kimeandikwa 192.168.1.10 ama serva. Toka mu session, rudi, jaribu upya. Pale pale mu Gestionnaire ndio neno la siri la zamani linajificha mtu akibadilisha lake, anashangaa kwa nini Windows haimuulize tena.

Kufunga zaidi (ufw ni kizuizi cha Ubuntu, hapa inaruhusu rezo yenu tu kufika ku Samba)

sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any app Samba
sudo ufw enable

Mlango 445, ule Samba inapokelea watu, usiufungue ku ruta kuelekea intaneti hata siku moja, hata kama bosi anataka kuona mafishie akiwa Kolwezi. Kwa ile tumia VPN, njia ya siri ya kuingia mu rezo yenu kupitia intaneti.

Na ukitaka mtu mwenye anakisia maneno ya siri afungiwe akikosea mara 5:

sudo pdbedit -P "bad lockout attempt" -C 5

Akonti inajifungua yenyewe kisha dakika 30. Lakini weka hii baada ya watu kuzoea, ju Windows yenye imehifadhi neno la zamani inajaribu yenyewe nyuma nyuma na itamfungia mtu bila yeye kugusa kitu.

Mtu akiacha kazi

Siku hiyo hiyo, sio mwisho wa mwezi:

sudo smbpasswd -d kasongo
sudo smbstatus

Ya kwanza inazima jina lake. Lakini kama sasa hivi yuko ndani, haimtoi, inamzuia kuingia tena tu. Njo maana ya pili, inakuonyesha nani yuko ndani na namba ya PID yake, unamkata kwa sudo kill na namba ile.

Usikimbilie userdel. Linux inaandika mafishie kwa namba ya mtu, sio kwa jina, na ukimfuta mtu wa mwisho kuumbwa, mtu mpya mwenye utamuumba anaweza kupewa namba ile ile, ghafla mafishie ya kasongo yanaonekana ni ya mgeni wa juzi na jurnali yako imeharibika. Jina lililozimwa halisumbue mtu, liache lilale.

Kopi ya daftari

Na umeme wa kwetu wenye unakatika bila kuaga, weka onduleri hata ndogo, na ufanye kopi ya daftari la Samba:

sudo apt install tdb-tools
sudo tdbbackup /var/lib/samba/private/passdb.tdb

Inaumba passdb.tdb.bak pembeni. Ichukue pamoja na /etc/samba/smb.conf, /etc/passwd na /etc/group, weka ku USB. Diski ikikufa, unainstala Samba upya, unawarudisha watu na namba zao zile zile, unarudisha daftari, na kila mtu anaingia na neno lake bila kuja kuandika upya. USB ile ifungie mu kofri pamoja na pesa, ju NT hash zenye ziko ndani haziitaji hata kuvunjwa, mwenye anajua anazitumia vile ziko na anaingia kama kasongo.